Moto wa Kuota Uko Fungu Gani?

Neno la sera lina nguvu ambayo neno la barazani halina, kwa sababu nyuma yake kuna fedha. Mtaalamu akishaandika "nishati jadidifu" kwenye waraka wa wizara, neno hilo hupata fungu, fungu hupata bajeti, na bajeti hupata mtu wa kuisimamia. Kitu ambacho hakikupata neno hubaki mikononi mwa wananchi, wapambane nacho kwa mifuko yao. Ndiyo maana nazisoma nyaraka za nishati kwa jicho la msomaji wa kamusi. Nataka kujua neno gani limeingia, limetoka wapi, limebeba nini, na lipi limeachwa nje. Na mahali pazuri pa kuyapimia maneno hayo ni Kasense, Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa ulioinuka zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na kila nyumba ina hesabu yake ya kuni na mkaa.

Tuanze na tungamotaka. Katika hotuba za bajeti ya nishati neno hili hupangwa safu moja na jua, upepo, jotoardhi na maporomoko madogo ya maji. Walioliunda walichukua tungamo, ambalo vitabu vya fizikia hulitumia kwa kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, wakaliunga na taka. Ndani yake zimeingizwa kuni, mkaa, pumba, mabua, samadi na makapi ya miwa. Kiufundi limeungwa vizuri: linatamkika bila kukwama, lina umbo la Kibantu, na mwanafunzi anayejua sehemu zake mbili anaweza kulikisia maana. Shaka yangu iko kwenye nusu ya pili.

Kuna mahali ambapo taka ni taka kweli. Jani la mkonge likishatolewa nyuzi, sehemu kubwa mno ya uzito wake hubaki kama majimaji na makapi. Huko Hale, mkoani Tanga, Kampuni ya Katani iliyageuza mabaki hayo kuwa bayogesi ya kuzalishia umeme. Kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, makapi ya miwa huchomwa kuendeshea mitambo ileile iliyoyakamua. Hapo kiwanda kinakula makapi yake chenyewe, na neno tungamotaka linakaa sawasawa.

Shambani Ufipa mambo ni mengine. Wafipa wamelima kwa ntumba vizazi na vizazi: nyasi hukatwa na kukusanywa wakati wa mvua, zikafukiwa ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza humo, na msimu unaofuata tuta likatawanywa na kupandwa nafaka. Nyasi zilikuwa mbolea ya nchi isiyo na misitu minene. Leo mahindi yameshika mashamba, na bua la mahindi lina wengi wanaolisubiri. Ng'ombe analitaka baada ya mavuno. Udongo unalitaka lioze. Gunzi lake linatakiwa jikoni, maana gunzi kavu hushika moto upesi na kuwashia kuni ambazo zingekataa. Vyote hivi vina wenyewe, vina kazi, na vina bei, hata kama bei hiyo haijawahi kutajwa kwa shilingi.

Kuita kitu taka ni kukitenga na mwenyewe. Taka haina mdai; anayeizoa anaonekana amemsaidia aliyekuwa nayo. Kiwanda cha mkaa wa magunzi na pumba kikija na nafuu ya kodi mkononi, kikaambiwa kwamba malighafi yake ni taka, hakitaona sababu ya kumlipa mkulima, wala mkulima hatajua kwamba amepokonywa rutuba ya mwakani. Ndiyo maana naona tungamohai lingefaa zaidi. Linasema jambo lilelile la kisayansi, kwamba hii ni maada iliyotoka kwenye viumbe hai, na halimwondolei mtu haki yake. Viwanda vya nishati ya mimea navitaka sana mkoani Rukwa, kwenye mahindi ya uwandani, mpunga wa bondeni na alizeti. Navitaka vikiwa vimenunua vinachochoma.

Neno la pili ni jadidifu. Kitenzi -jadidi tumekipata kwa Waarabu, nacho ni kufanya upya. Watu hujadidi mkataba, hujadidi urafiki. Wanaistilahi wakaongeza -fu, ileile iliyotupa -kunjufu, -danganyifu na -sahaulifu. Kiambishi hiki husema kwamba sifa imekaa ndani ya mwenye nayo. Mtu msahaulifu husahau kwa tabia, haji mwingine kumsahaulisha. Kwa mantiki hiyo nishati jadidifu ni ile ambayo kujifanya upya ni tabia yake. Kwa jua neno hili ni la kweli kila alfajiri. Kwa upepo pia. Kwa mti linahitaji masharti.

Miti ya miombo iliyoko kwenye miteremko ya kuushuka uwanda ina uwezo mkubwa wa kuchipua kutoka kwenye visiki. Kisiki kikiachwa, kisichomwe moto kila kiangazi, kisilimwe juu yake, hurudi kuwa mti. Kikichomwa na kung'olewa, hakuna cha kujadidi. Kule Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA walifanya kazi na vijiji vilivyotenga maeneo ya kuvunia mkaa kwa zamu ya miaka 24, eneo likivunwa sasa lipumzishwe hadi visiki viwe miti tena. Waliuita mkaa endelevu. Naliheshimu neno hilo kwa sababu lilikuja na kazi: kuna mpaka uliochorwa, kuna kamati ya kijiji, kuna ushuru uliojenga vitu kijijini. Ujadidifu wa ukuni ni kazi ya watu. Haumo ndani ya ukuni wenyewe, na ruzuku inayotolewa kwa jina la ujadidifu inapaswa kuuliza kwanza kazi hiyo inafanywa na nani.

Ufipa inajua jambo hili tangu zamani. Kabla chuma cha kiwandani hakijaua ufundi wa wenyeji, uwanda huu ulikuwa na viwanda vyake vya joto. Ilungu, wingi wake malungu, lilikuwa tanuri la udongo refu kuliko mtu, lililojengwa kwa namna ya kuvuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa kwenye kintengwa, tanuri dogo lililopulizwa. Profesa Bertram Mapunda, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameyachimba na kuyaandika mabaki ya ufundi huu, na magofu ya malungu bado yamesimama hapa na pale. Kila jembe lililotoka humo lilikuwa limekula miti. Mtu anayesema kwamba sekta ya nishati ya mimea ni ngeni Ufipa hajayaona malungu.

Kutoka hapo tunaingia kwenye ukoo ninaoupenda kuliko yote katika lugha ya moto, ukoo wa kaa. Kaa moja la moto ni kipande kinachowaka. Yakiwa mengi ni makaa. Likiingia ngeli ya miti na mizigo linakuwa mkaa, kitu cha gunia na cha sado. Likiingia ngeli ya dhana linakuwa ukaa, ambalo sasa linabeba elimu nzima ya tabianchi, kwa maana ndilo lililotupa hewa ukaa. Mzizi mmoja umepanda kutoka jikoni hadi kwenye mikutano ya kimataifa bila kubadili sauti. Lugha chache zina bahati ya namna hiyo.

Mkaa wenyewe una msamiati wake ambao hakuna kamati iliyokaa kuuunda. Simama sokoni mbele ya mama anayeuza kwa sado. "Shikamoo mama. Huu unakaa?" "Marahaba. Unakaa mwanangu, huu wa mti mgumu." Atachukua vipande viwili, atavigonganisha, na utasikia mlio mkavu unaokaribia wa chuma. Mkaa unaolia umeiva tanurini, utadumu jikoni. Usiolia ni mwepesi au una vipande vibichi ndani. Utatoa moshi na kwisha kabla maharage hayajalainika. Chini ya gunia hubaki chenga, na chenga ndizo zinazokusanywa, zikachanganywa na udongo au uji wa muhogo, zikafinyangwa na kukaushwa. Hiyo ni tasnia nzima ya mkaa wa kufinyanga, iliyoanza mikononi mwa wanawake kabla haijapata mashine ya kushindilia.

Kwenye nyaraka, mkaa huo huitwa mkaa mbadala. Hapa nataka msomaji anyooshe sikio. Mbadala ni neno linalosema kitu kimechukua nafasi ya kingine. Halisemi kimetengenezwa kwa nini. Mkaa wa magunzi ni mbadala. Mkaa wa pumba ni mbadala. Na mkaa wa Rafiki Briquettes unaotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ni mbadala pia, ingawa unatokana na makaa ya mawe, yaani madini yaliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Una hoja yake: kila jiko linalowaka kwa huo limeacha mti umesimama. Lakini hauwezi kuitwa jadidifu hata kidogo, kwa sababu mawe hayachipui. Rukwa jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwani makaa ya mawe yapo hukuhuku, Namwele na Mkomolo. Siku ruzuku ya "mkaa mbadala" itakapofika uwandani, neno hilo moja litawaweka kwenye foleni moja mkulima wa magunzi na mchimba makaa. Mchimba makaa ana mashine, kwa hiyo atafika dirishani kwanza. Mfuko uandikwe umejazwa nini. Mnunuzi ana haki ya kujua, na anayetoa ruzuku ana wajibu wa kujua.

Ruzuku nayo ni ndugu wa riziki. Mungu huruzuku, yaani humpa kiumbe chake cha kuishia. Serikali ilipolichukua neno hilo kwa fedha inazotoa ili kupunguza bei, ilichukua pamoja nalo tarajio kwamba kitu kitamfikia mwenye uhitaji. Wakulima wa mahindi wa Rukwa wamelizoea kupitia mbolea, hasa tangu msimu wa 2022/2023. Katika nishati wanalisikia kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iliyoanza kazi 2007, ambayo imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu ya bei, na majiko banifu kwa bei iliyopunguzwa. Banifu ni neno zuri, limetoka kwenye kubana, na ukilishika jiko lenyewe unaona maana yake: kuta nene za udongo uliochomwa, tumbo dogo la mkaa, kijilango cha chini cha kuongeza au kupunguza hewa. Linabana joto lisipotee pembeni, na hivyo linabana matumizi.

Ruzuku ya aina hii hununua kifaa. Kujaza mtungi ukishakwisha ni juu ya mwenye mtungi, na huko vijijini ndiko mitungi mingi inakokaa mitupu ikisubiri mauzo ya mahindi. Zipo nchi zilizofanya kinyume, zikalipia joto lenyewe. Ireland ya Kaskazini ilianzisha mpango wake Novemba 2012: mwenye biashara aliyefunga tanuri la kuchoma mbao alilipwa kwa kila kipimo cha joto alichozalisha. Kiwango kilikuwa juu ya gharama ya kuni zenyewe, na hakikuwa na kikomo. Kila aliyechoma zaidi alipata faida zaidi, awe na cha kupasha au hana. Mpango ulifungwa 2016, serikali ya pamoja ikavunjika Januari 2017 kwa mgogoro uliotokana nao, na ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Machi 2020 ikaeleza kwa kirefu jinsi usimamizi ulivyoshindwa. Watu wa kule waliuita mpango wa fedha kwa majivu. Tunajifunza kwamba ruzuku ya joto inahitaji kipimo na kikomo. Hata hivyo waliweza kukosea kwa sababu tayari walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: joto lilikuwa na jina ndani ya sera yao.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034. Lengo ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo zilikuwa zimetangulia amri za kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Ni mkakati mkubwa na wa heri. Moshi wa jikoni umewaumiza mama zetu macho na vifua kwa muda mrefu mno, na naandika haya nikiuunga mkono. Kwa sababu hiyohiyo naliangalia kwa makini neno la mwisho la jina lake: kupikia. Kile kiambishi cha kutendea kimefunga kazi ya nishati. Nishati inayotambuliwa ni ya kupikia, basi.

Kasense, mwezi Julai, moto una kazi ya pili, nayo ni kuota. Kiswahili kina kitenzi kamili kwa ajili yake, kuota moto, kifupi kabisa, kisichohitaji mtaalamu. Jioni jiko la mkaa huwashwa uani. Huwekwa gunzi chini, mkaa juu, likaachwa kwenye upepo hadi moshi wa mwanzo uishe na makaa yakolee mekundu. Ugali na mboga hupikwa humo. Kisha, chakula kikishaipuliwa, hubandikwa maji ya kuoga watoto. Na maji yakishaipuliwa, jiko huinuliwa kwa masikio yake mawili na kuingizwa ndani, likawekwa katikati ya chumba, watu wakalizunguka. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, mara nyingi bila dari, na baridi hushuka kutoka kwenye bati kama kitu kinachomwagwa. Moto mmoja umefanya kazi tatu. Mkakati umeiona ya kwanza.

Mpe familia hiyo mtungi wa gesi wa nusu bei. Watapikia, na watashukuru, maana chai ya asubuhi sasa ni dakika chache. Lakini jiko la gesi halipashi chumba. Ukizima, joto limekwisha. Saa mbili usiku mkaa utawashwa tena kwa ajili ya kuota peke yake, na gunia litaendelea kununuliwa. Atakayekuja na dodoso kuuliza "unapikia nini" ataandika gesi, naye atakuwa ameandika kweli. Miti itakayokatwa kwa ajili ya joto haitaonekana kwenye hesabu yoyote, kwa kuwa hakuna safu iliyoandikwa kuota.

Kuna hatari kubwa zaidi ya miti. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na watu wanaliingiza jiko ndani wakiamini kwamba ubaya umebaki uani. Kumbe makaa yale mekundu yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi hadi mtu analala asiamke. Watu wamekufa hivyo, familia nzima, mlango umefungwa na dirisha limezibwa nguo kwa sababu ya baridi. Kiswahili cha mtaani hakijapata jina la muuaji huyu, tunasema tu "walilala na jiko." Na neno safi la kwenye mkakati, kwa kuwa linapigana hasa dhidi ya moshi, halijamwonya mtu kuhusu kinachobaki moshi ukishaondoka. Ningependa kila zahanati ya nyanda za juu iitaje gesi hii kwa jina moja la wazi, sumu ya makaa, na iitaje kila Mei kabla baridi haijaingia.

Kwa hiyo napendekeza nyongeza ya maneno machache kwa wataalamu wa Wizara ya Nishati na wa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, watakaokaa pamoja kuupitia mkakati kabla ya 2034. Jina lisomeke nishati safi ya kupikia na kuota. Wanaotaka neno la kitaalamu waandike kupasha joto. Mimi nachagua kuota kwa sababu linaeleweka Kasense, Njombe, Mbeya na Lushoto bila tafsiri. Neno hilo likishaingia, kuna vitu ambavyo ruzuku itaweza kuvinunua na ambavyo leo haviwezi. Itaweza kununua jiko la kujengea lenye dohani, linalopika na kupasha chumba huku likitoa hewa mbaya nje ya paa. Itaweza kusaidia dari, ambayo hubana joto kuliko jiko lolote banifu. Itaweza kufunga mitambo ya kupashia maji kwa jua kwenye shule za bweni na hospitali, kwa kuwa miezi ya baridi Ufipa ndiyo miezi ya anga jeupe lisilo na wingu. Itaweza kumlipa mkulima kwa magunzi yake, kwa kilo, kwa mizani, na kwa kikomo kinachojulikana tangu mwanzo.

Na dodoso la kaya liongezwe swali moja: jioni ya baridi mnaota nini? Jibu likishaandikwa kwa namba, Hazina itakuwa na kitu cha kukitengea fungu.